Mguu ulio chini ya meza: mwanagenzi anajifunzaje kukanyaga cherehani bila kuutazama?

Swali: Nina karakana ndogo ya ushonaji Morogoro, nafundisha wanagenzi watatu kwa cherehani za kukanyaga. Wakitazama miguu wanakanyaga vizuri. Wakiinua macho kwenye kitambaa, gurudumu linarudi nyuma na uzi unakatika. Jioni wanakuwa wazuri, asubuhi ni kama hawajawahi kukaa kwenye mashine. Mmoja ni mama wa miaka 52, na yeye baada ya wiki sita bado anainama kutafuta kanyagio kwa macho. Ubongo unajuaje mguu uko wapi bila kuuona, na mimi nifundisheje?

Jibu:

Fundi, wewe ukiwa kwenye mashine na macho yako kwenye kitambaa, mtu akikuuliza kisigino kiko juu au chini utamjibu bila kuinama. Wengi hudhani habari hiyo inaletwa na ngozi ya unyayo. Ngozi inachangia, lakini mletaji mkuu ni msuli wenyewe.

Katikati ya nyama ya msuli mna vifuko vyembamba vya milimita chache, vinene katikati na vilivyochongoka ncha zote mbili kama muhogo mdogo. Huitwa spindeli. Ndani ya kila kimoja mna nyuzi chache za msuli, na neva imejizungusha juu yake kama uzi kwenye bobini. Msuli ukivutwa, ule mzunguko wa neva unatanuka na neva inatuma ishara. Ukivutwa kwa ghafla, ishara zinamiminika. Mwili mzima una spindeli zipatazo 25,000 hadi 30,000. Kwenye kano, pale msuli unaposhikana na mfupa, kuna vihisi vingine vinavyoitwa kwa jina la Mwitalia Camillo Golgi. Hivyo vinapima nguvu, havipimi urefu. Ongeza ngozi inayovutika juu ya maungio, na hapo una hisi kamili ambayo Mwingereza Charles Sherrington aliipa jina lake la kitaalamu mwaka 1906. Hapa tutaiita hisi ya viungo.

Kwenye kanyagio inakwenda hivi: vidole vikishuka, msuli wa mbele ya muundi unavutwa na spindeli zake ndizo zinazotoa taarifa. Kisigino kikishuka, ni zamu ya shavu la mguu. Ubongo unalinganisha pande hizo mbili na kukisia pembe ya kifundo.

Nasema kukisia kwa makusudi. Azima kwa kinyozi mashine ya kunyolea, ile ya waya inayotikisika kwa sumaku. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo mashine ya aina hiyo hutikisika takriban mara 100 kwa sekunde, na mtikisiko wa kiwango hicho ndio unaozichokoza spindeli sana. Mwanagenzi afumbe macho, akunje kiwiko nusu, aulegeze mkono, na mwenzake amshikilie kifundo cha mkono usisogee. Bonyeza mgongo wa plastiki wa mashine (si upande wa meno) juu ya ile kano inayotokeza mbele ya kiwiko. Mwambie aonyeshe kwa mkono wa pili, nao macho yakiwa yamefumbwa, mkono wa kwanza uko wapi. Baada ya sekunde chache wengi huonyesha mkono ulionyooka zaidi kuliko ulivyo. Spindeli zinatikiswa, ubongo unapokea ishara zile zile za msuli unaovutwa, na unahitimisha kwamba kiwiko kinanyooka. Jambo hili lilichapishwa mwaka 1972 na Goodwin, McCloskey na Matthews, na kosa huweza kufika makumi ya digrii. Mwanagenzi aliyeliona hili kwa mkono wake mwenyewe hatashangaa ukimwambia kwamba mguu wake unaweza kumdanganya.

Hisi hii ikipotea kabisa tunaona thamani yake. Mwingereza Ian Waterman, akiwa kijana wa miaka 19, aliugua na kupoteza hisi ya viungo na ya mguso kuanzia shingoni kwenda chini. Misuli yake haikupooza, ila hakuweza kuitumia kwa sababu hakujua viungo viko wapi. Alijifundisha upya kukaa na kutembea kwa kutazama kila kiungo, na taa zikizimika ghafla alianguka. Baadaye wanasayansi wakapata hata mlango ambao mvuto unapitia kuwa ishara ya neva: protini iitwayo PIEZO2, mojawapo ya kazi zilizompa Ardem Patapoutian Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Watu waliozaliwa bila protini hiyo kufanya kazi hutembea wakiwa wanaona, lakini wakifungwa kitambaa machoni hupepesuka.

Wanagenzi wako hawana tatizo la namna hiyo, angalau wale wawili vijana. Hisi wanayo. Kinachokosekana ni utabiri.

Ishara kutoka kifundo cha mguu hadi ubongoni huchukua karibu milisekunde 40. Kurekebisha mwendo kwa kutumia macho huchukua milisekunde 150 hadi 200. Mtu anayekanyaga mara 100 kwa dakika anatumia milisekunde 600 kwa mzunguko mzima, yaani 300 kushuka na 300 kupanda. Akisubiri aone kosa ndipo alirekebishe, nusu na zaidi ya msukumo imeshapita. Kwa hiyo fundi mzoefu haufuati mguu wake nyuma, anautangulia. Anayefanya kazi hiyo hasa ni ubongo mdogo ulioko kisogoni, serebela. Uzito wake ni kama asilimia 10 tu ya ubongo wote, lakini umebeba karibu seli za neva bilioni 69 kati ya bilioni 86. Amri ya kukanyaga ikitumwa kwenye misuli, nakala yake inakwenda serebela, ambayo inatabiri mguu utahisi nini punde tu. Hisi halisi ikifika, vinalinganishwa. Ikitokea tofauti, ishara ya kosa inabadilisha kidogo miunganiko ya neva, na utabiri unaofuata unakuwa bora kidogo.

Kuna jaribio la zamani linaloonyesha hili waziwazi. Mtu anavalishwa miwani ya vioo vya pembetatu inayohamisha kila kitu pembeni, kisha anarusha mpira kwenye shabaha. Mara za mwanzo anakosa upande mmoja, na baada ya mirusho kadhaa analenga sawa. Mvue miwani, sasa anakosa upande wa pili! Hakuamua kukosa, wala kujua kwamba miwani haipo hakumsaidii mara moja. Watu wenye serebela iliyoharibika huendelea kukosa vilevile na miwani, na wakiivua hulenga kama zamani mara moja, bila kukosa upande wa pili. Kwa hiyo aina hii ya kujifunza hula kosa. Pasipo kosa linalohisiwa na mwenye mguu, hakuna kinacholiwa.

Hapa ndipo naona karakana yako inapokwama. Anayetazama mguu anapata taarifa safi kutoka machoni, na ubongo, kama mtu yeyote mwenye akili, unaegemea shahidi anayeaminika zaidi. Kosa la hisi ya viungo linafichwa, na utabiri haunolewi. Akiinua macho anabaki na shahidi ambaye hajawahi kufundishwa. Wiki nzima ya kutazama miguu ni wiki ya kujifunza kukanyaga *kwa kutazama*, ujuzi ambao hauhitajiki popote.

Sasa gurudumu kurudi nyuma. Wewe unajua chanzo: ule mkono wa chuma unaounganisha kanyagio na gurudumu kubwa ukisimama juu kabisa au chini kabisa, kusukuma hakuna upande. Gurudumu linaweza kwenda popote. Likirudi nyuma, ndoano ya chini, karibu na bobini, haikidaki kitanzi cha uzi kama inavyotakiwa, uzi unajifunga chini ya kitambaa na kukatika. Kwa mguu wa mwanagenzi tatizo ni la wakati, si la nguvu: anasukuma mapema mno au anachelewa kulegeza. Tena kwa kuwa hana uhakika, anakaza msuli wa mbele na wa nyuma kwa pamoja. Ndiyo kawaida ya ubongo usiojua kitakachotokea, hukigandisha kiungo ili kosa liwe dogo. Kesho yake muundi unauma. Ukaze huo hupungua wenyewe kadiri utabiri unavyokua, na kumwambia tu "legeza mguu" hakusaidii sana.

Ningefundisha hivi. Siku ya kwanza sindano isitembee. Legeza ile parafujo kubwa katikati ya gurudumu la mkono, ile ile unayolegeza wakati wa kujaza bobini, na inua chuma kinachobana kitambaa. Avue viatu, kwa sababu soli nene ya kandambili inameza habari za unyayo. Fagia sakafu kwanza, pini hazimjui mwanagenzi. Mguu mmoja utangulie, mwingine urudi nyuma kidogo, ili mmoja usukume kwa vidole na mwingine kwa kisigino. Mkono wa kulia uanzishe gurudumu kulivuta kuelekea kifuani, na mguu ujiunge mkono wa chuma ukishapita kileleni. Aruhusiwe kutazama miguu kwa dakika mbili au tatu tu. Kisha tandika kanga kutoka mezani hadi mapajani, miguu isionekane kabisa.

Atakosea, gurudumu litarudi nyuma. Mwache. Hakuna uzi wa kukatika, na kila linaporudi anapata somo ambalo mdomo wako hauwezi kumpa. Kazi yake ni kuanza, kwenda mizunguko kumi, kusimama, kuanza tena. Kuanza na kusimama ndiko kugumu. Kwenda mfululizo hata mtoto anaweza, na wengi hupoteza saa nzima wakifurahia sehemu rahisi.

Masikio ni msaada usiodhuru. Mlio wa mashine ikienda mbele ni tofauti na ikirudi, na sauti haimlazimishi kuinamisha kichwa.

Akiweza kuanza mara kumi bila kurudi nyuma zaidi ya mara moja, kaza parafujo, weka sindano kuukuu bila uzi (karatasi huibutua sindano nzuri), umpe karatasi ya daftari lenye mistari. Matundu yapite juu ya mstari. Hapo una kosa linalopimika kwa rula: milimita moja, mbili, tatu. Kisha mstari uliopinda, kisha kona. Baada ya hapo ndipo vipande viwili vya pamba na uzi.

Kuhusu mdomo na mikono yako, fundi, uniwie radhi. Kumshika mwanagenzi mkono ukauongoza kunapendeza, lakini amri ya mwendo ni yako, yeye hakutuma yoyote, kwa hiyo hakuna utabiri wa kulinganisha. Mara moja ya kumwonyesha mdundo inatosha. Vilevile maelezo baada ya kila mshono. Majaribio mengi tangu miaka ya 1980 yameonyesha kwamba wanaosahihishwa kila mara hufanya vizuri mwalimu akiwepo na kuporomoka akiondoka, kuliko wanaosahihishwa kila baada ya muda. Asubiri mistari mitano. Kisha muulize kwanza: "Unadhani umetoka upande gani?" Akishajibu, mpe rula. Kule kukisia kabla ya kupima kunamlazimisha asikilize mguu na mkono wake.

Maneno nayo yana uzito. "Kunja kifundo, shusha kisigino" yanampeleka kuchunguza kiungo, na kiungo kinachochunguzwa hukakamaa. "Ukingo wa kitambaa uende sambamba na ukingo wa chuma", au "mlio usikatike", yanampeleka kwenye matokeo na kuuachia ubongo upange viungo. Mtafiti Gabriele Wulf amelichunguza hili tangu miaka ya 1990 kwenye michezo na mazoezi ya usawa wa mwili, na tofauti hiyo imeonekana tena na tena.

Jioni wazuri, asubuhi wamesahau: hapo kuna mambo mawili yaliyofungwa kamba moja. Ubongo hujifunza mwendo kwa njia ya haraka na kwa njia ya polepole kwa wakati mmoja. Ya haraka inarekebisha kosa baada ya majaribio machache na kuyeyuka ndani ya dakika. Ya polepole inapanda kidogokidogo na kukaa. Unachokiona jioni ni jumla ya zote mbili, na asubuhi imebaki moja. Hiyo asubuhi ndiyo kipimo cha kweli. Kila siku, kabla ya mazoezi yoyote, ashone mstari mmoja kwenye karatasi, andika tarehe, uitunze. Zilinganishe asubuhi kwa asubuhi. Angalia pia muda anaochukua kurudi alipokuwa jana: ikiwa Jumatatu alihitaji nusu saa na Alhamisi dakika tano, hajasahau, hata kama mstari wa kwanza umepinda vibaya. Mmarekani Henry Molaison, aliyepoteza uwezo wa kutunza kumbukumbu mpya baada ya upasuaji wa ubongo, alijifunza kuchora nyota kwa kutazama kwenye kioo kwa siku tatu mfululizo. Kila siku alikuwa bora zaidi, na kila siku hakukumbuka kuwahi kuifanya kazi hiyo. Basi mwanagenzi anayekuambia "sikumbuki kitu" anakupa habari za kichwa chake. Za mguu zitafute kwenye karatasi.

La pili ni mpangilio wa saa. Posta ya Uingereza iliwahi kuwafundisha wafanyakazi wake kuchapa kwenye kibodi, na Baddeley na Longman wakachapisha matokeo mwaka 1978. Waliofundishwa saa moja kwa siku waliijua kibodi kwa takriban saa 35 za mazoezi. Waliofundishwa saa mbili mara mbili kwa siku walihitaji karibu 50. Wale wa saa moja walichukua siku nyingi zaidi kwenye kalenda, na ndio waliolalamika kwamba wanacheleweshwa, kwa hiyo tegemea manung'uniko. Kwa cherehani, vipindi vitatu au vinne vya dakika 15 hadi 20, katikati wakiwa wanakata, wanapiga pasi, wanatia vifungo, vinashinda saa mbili za mfululizo ambazo nusu yake mguu umeshachoka. Na msuli uliochoka hutoa hisi mbaya ya mkao.

Mkishafika kwenye kitambaa, usiwape mistari iliyonyooka ishirini kisha kona ishirini. Changanya: mstari, kona, mpindo, mstari. Mwaka 1979 Shea na Morgan walionyesha kwamba wanaochanganya huonekana wabaya siku ya mazoezi na bora zaidi siku ya kupimwa baadaye. Inahitaji mwalimu mwenye moyo, maana siku yenyewe kila kitu kinaonekana kuharibika. Ila usichanganye cherehani ya kukanyaga na ya umeme katika saa moja. Kwenye umeme mguu unabonyeza tu na kina cha kubonyeza ndicho kasi. Kwenye kukanyaga mguu unabembea. Kanuni mbili zinazogombana kwenye kifundo kimoja huharibiana. Jaribio moja la 1996 liliona kwamba kupisha saa nne kati ya kazi mbili zinazopingana kuliinusuru ya kwanza. Majaribio ya baadaye hayakukubaliana yote, kwa hiyo mimi ningezitenganisha kwa majuma: moja ishike kwanza.

Sasa mama wa miaka 52. Wiki sita ni nyingi mno kulaumu umri peke yake. Watu wa umri wake hujifunza miendo mipya, polepole kidogo. Mwulize kwa faragha na kwa adabu: Je, akinawa uso amefumba macho huyumba? Akitembea gizani hujikwaa? Je, kandambili humvuka mguuni bila yeye kujua? Asimame miguu imebanana, mikono kando, sekunde 30 macho wazi, kisha sekunde 30 amefumba, na wewe usimame karibu tayari kumdaka. Anayesimama imara akiona na kuanza kuanguka akifumba, huenda hisi ya viungo vyake ina hitilafu. Kipimo hiki kina jina la daktari wa Kijerumani, Romberg, wa karne ya 19. Jingine: afumbe macho, shika kidole gumba cha mguu wake kwa pembeni, upande wa kushoto na kulia wa kidole, kipandishe au kishushe kidogo, aseme juu au chini. Usikishike kwa juu na chini, mgandamizo wa vidole vyako utampa jibu. Mara kumi, na mtu asiye na hitilafu hapaswi kukosa.

Akikosa, ni wa hospitali, na mazoezi yasubiri. Kisukari ndicho cha kupimwa kwanza, kwa sababu huharibu neva ndefu za miguu kabla ya nyingine. Upungufu wa vitamini B12 ni wa pili, na anayetumia metformini, dawa ya kisukari, kwa miaka mingi yuko kwenye hatari zaidi ya kuupata. Amweleze daktari dawa zote alizotumia, pamoja na isoniazidi ya kifua kikuu, ambayo huweza kuumiza neva ikikosa vitamini B6 pembeni yake. B12 ikigundulika mapema hutibika. Ikiachwa muda mrefu, uharibifu wa uti wa mgongo huenda usirudi wote.

Kwake usitumie kanga ya kuficha miguu. Macho ndiyo shahidi aliyebaki naye, na kuyaziba ni kumwondolea gongo. Mpangie kioo kidogo chini ya meza kilichoinama, akione kanyagio bila kuinama, au mpe ya umeme iliyofungwa kwenye mwendo wa taratibu. Na ushauri wa kuvua viatu haumhusu hata kidogo: avae vya kufunika vidole, akague nyayo zote mbili kila jioni kwa mkono na kwa macho. Karakana ina pini, na mguu usiohisi kanyagio unaweza kutembea na pini siku nzima.